Nilimjibia mdogo wangu kwenye usaili

Mwaka 2022 mdogo wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi katika ofisi moja ya mjini, karibu na Posta. Kazi ilikuwa ya kuingiza taarifa za wateja kwenye kompyuta. Tangazo lilisema watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, naye akaomba. Mdogo wangu ni kiziwi.

Nilikwenda naye. Ofisi haikuwa na mkalimani wa lugha ya alama, na aliyenipigia simu kunipa tarehe aliniambia, "Si upo wewe dada yake? Utatusaidia." Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimeanza kuandika habari za afya, najua kujieleza mbele za watu. Moyoni nikaona kazi ile tumeshaipata.

Chumbani walikaa watu watatu. Wa kwanza akauliza kijana ana uzoefu gani wa kompyuta. Nikamgeukia mdogo wangu, nikachapa vidole hewani na kukunja uso kama mtu anayeuliza. Akajibu kwa mikono, harakaharaka, karibu dakika nzima. Nikageuka kwa jopo nikasema, "Anasema anapenda sana kompyuta."

Mpaka leo naona aibu kuandika sentensi hiyo. Mtu hawezi kutumia dakika nzima kusema anapenda kompyuta. Sikuelewa alichosema, na sikuwa na ujasiri wa kukiri kwamba sijaelewa. Maswali yaliyofuata hata sikumfikishia, niliyajibu mwenyewe. Udhaifu wake ni nini? Nikasema ni mtu wa kujituma kupita kiasi, jibu la kila mtu. Anategemea mshahara wa kiasi gani? Nikataja. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa kwenye jopo alinipa mkono mimi, akasema, "Tunashukuru dada, tutawasiliana."

Kwenye ngazi mdogo wangu alitoa simu, akaandika, akanionyesha: "Uliwaambia nini?"

Hawakuwasiliana.

Sisi ni watu wa Ilala. Mdogo wangu alizaliwa akisikia kama sisi wengine. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alipata homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona, na nyumbani tukashukuru Mungu kwamba amebaki hai. Hakuna aliyetuambia apimwe masikio. Ilipita miezi mingi kabla mama hajaanza kushangaa kwa nini mtoto hageuki akiitwa. Bibi akasema watoto wa kiume huchelewa kusema, tusubiri. Tukasubiri. Majirani walimwita bubu, neno ambalo yeye mwenyewe alipokuja kulijua alilichukia, kwa sababu sauti anayo. Anacheka kwa sauti kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu.

Leo, kwa kazi yangu, najua mambo ambayo mama hakuambiwa. Homa ya uti wa mgongo huharibu usikivu, na kila mtoto aliyepona ugonjwa huo anatakiwa apimwe masikio mapema. Mtoto wa miezi sita asiyeshtuka mlango ukigongwa kwa kishindo hasubiriwi akue. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara si jambo la kawaida la utotoni, na dawa yake si mafuta ya kupasha moto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubella, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2014 na ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi tisa na tena miezi 18, si ya kurukwa. Muhimbili nao walianza mwaka 2017 upasuaji wa kupandikiza vifaa vya usikivu, lakini vifaa hivyo humfaa zaidi mtoto anayewahishwa akiwa mdogo. Mdogo wangu umri huo alikuwa ameshaupita zamani.

Alianza shule akiwa na miaka minane, pale Shule ya Viziwi Buguruni, iliyofunguliwa mwaka 1974. Mpaka siku hiyo hakuwa na lugha yoyote iliyokamilika. Alikuwa na ishara zetu za nyumbani: kula, lala, njoo, acha, hela, hospitali, baba anakuja. Ukizihesabu hazifiki 60. Zilitosha kumlisha na kumwogesha. Kuzungumza naye zisingeweza.

Muhula wa kwanza haukwisha kabla mikono yake haijajaa maneno. Akirudi nyumbani anasimulia, anasimulia, na sisi tunatabasamu na kutikisa kichwa. Mama alikuwa anauza vitenge, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Baba alikuwa dereva. Mwalimu mmoja alituomba wazazi na ndugu tuwe tunakwenda Jumamosi kujifunza alama. Nadhani mama alikwenda mara tatu. Mimi nilikwenda mara moja, nikaona ni mambo ya watoto wa darasa la kwanza.

Jioni tukila, baba anasimulia kisa cha abiria wake, tunacheka mpaka machozi. Mdogo wangu anamgusa aliye karibu: nini? Naye anamjibu kwa mkono: baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo alama aliyoijua kwetu kuliko zote. Baadaye yenyewe haikufika, kwa sababu ukishamaliza kucheka unaona kisa chenyewe hakina maana ya kurudiwa.

Naeleza ya chakula cha jioni katika makala ya ajira kwa sababu siku ile kule Posta kilichofanyika kilikuwa kilekile. Watu wanazungumza, mwenye jambo yupo palepale, na maneno yanampita.

Ajira yake ya kwanza aliipata Kariakoo, mwaka 2020, na hakuipata kupitia kwetu. Rafiki yake waliyesoma naye Buguruni alikuwa anashona kwenye karakana moja ya ghorofani, Mtaa wa Narung'ombe, na karakana ilikuwa inatafuta fundi mwingine wa sare za shule kabla ya Januari. Mdogo wangu alikuwa amesomea ushonaji baada ya darasa la saba. Akapewa shati moja alishone mbele ya bosi: kola, mfuko, vifungo, pindo. Hakukuwa na maswali. Bosi aligeuza shati ndani nje, akaangalia mshono, akamwonyesha cherehani yake ilipo.

Nilipomtembelea mara ya kwanza nilielewa kwa nini viziwi wengi wanaishia Kariakoo. Kelele za pale zinamfanya kila mtu awe kiziwi kidogo. Spika za wauza viatu zinarudia "elfu tano, elfu tano" tangu asubuhi, maguta yanapiga kengele, bodaboda wanapiga honi, na mafundi wote wana vyerehani vinavyounguruma. Kwa hiyo watu wanaongea kwa mikono bila kujijua. Bei unaonyeshwa kwenye kalkuleta. Machinga anayemwita mwenzake ng'ambo ya Msimbazi hapotezi sauti, anapunga. Katika mazingira hayo kiziwi anayejua kazi hana kasoro kubwa ya kumtenga na wenzake.

Bosi wake, mama wa makamo, aliniambia bila kuficha kwamba alama alijifunza kwa sababu ya hasara. Mwaka wa kwanza alimwelekeza mdogo wangu kwa kunyoosha kidole tu, akitegemea ataelewa. Majora mawili ya kitambaa cha buluu yakakatwa sketi za saizi ya darasa la kwanza badala ya darasa la sita. "Nilitaka kumfukuza," alisema. "Halafu nikajiuliza, ni nani aliyemwambia saizi? Ni mimi, na sikumwambia." Akaanza na namba, kisha rangi, kisha saizi, kisha siku za wiki. Sasa anagombana naye kwa alama, na huko ndiko nilikojua kwamba anaziweza kweli. Alinizidi mimi, dada wa tumbo moja.

Lakini huyohuyo alimlipa pungufu kwa karibu miaka miwili. Shati moja mafundi wengine walilipwa 2,000, mdogo wangu 1,500. Alikuja kujua kwa simu. Viziwi wa mjini wamepona kwa simu za video za WhatsApp. Usiku wanapiga gumzo mpaka bando inakwisha. Rafiki zake wa karakana za Mtaa wa Aggrey walikuwa wanalinganisha malipo, naye akashangaa. Nilipomuuliza bosi, alinijibu, "Hajawahi kuomba kuongezwa." Ni kweli, hakuwahi. Kila Desemba, kazi zikishamiri, mafundi wanapiga kelele pamoja na bei inapanda kidogo. Kelele hizo zinapigwa wakati yeye kainamia cherehani.

Aliandika kwenye karatasi: "Wenzangu 2,000. Mimi 1,500. Kwa nini?" Akaiweka juu ya meza ya bosi na kurudi kukaa. Wiki hiyohiyo akaanza kulipwa 2,000. Za nyuma hakulipwa.

Hapo kuna jambo kuhusu maandishi ambalo waajiri wengi hulikosea. Kiswahili kwa kiziwi aliyekulia kwenye alama ni lugha ya pili, tena amejifunza bila kuisikia. Lugha ya alama ina mpangilio wake. Barua ya maombi ya mdogo wangu, kabla sijaipiga pasi, ilisema "Mimi kazi nataka, kushona kompyuta najua, bidii." Mtu wa ofisini akiisoma anadhani huyu hakusoma. Ni kama kumpima Mmasai akili kwa kuangalia Kiingereza chake.

Siku niliyoogopa kuliko zote ni tarehe 16 Novemba 2024. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nikaona kwenye simu kwamba jengo la ghorofa limeporomoka Kariakoo. Mdogo wangu alikuwa kazini. Nilimpigia. Nilimpigia mara nne kabla akili haijanirudia kwamba nampigia kiziwi simu ya sauti. Nikatuma ujumbe, haukujibiwa. Mama alikuwa amekaa chini mlangoni, ameshika kanga mdomoni. Tulikuwa tunawaza jambo moja, wala hatukulisema: watu wakipiga kelele "kimbieni", yeye atakimbiaje? Na akiwa chini ya kifusi, waokoaji wakiita, ataitikaje?

Baada ya dakika 40 hivi alipiga video. Alikuwa Mnazi Mmoja, vumbi kichwani, mzima. Jengo lililoanguka halikuwa lao, lakini mtaa wote ulikuwa unakimbia. Fundi wa cherehani ya jirani ndiye aliyemvuta shati. Zaidi ya watu 20 walikufa katika tukio lile, na katika siku zile sikuweza kuandika habari yoyote iliyonyooka.

Tangu hapo karakana yao ina utaratibu. Kukiwa na hatari, aliye karibu na swichi anazima na kuwasha taa mara nyingi. Kila kiziwi ana jirani yake anayejulikana kwa jina, wa kumgusa bega. Mashine zimegeuzwa ili wao waangalie mlango. Haikugharimu hata shilingi. Mzazi ambaye mtoto wako kiziwi ameanza kibarua popote pale, nenda kaulize: taa zikizimwa na kuwashwa, wenzake wanajua maana yake?

Watu huniuliza, sheria haipo? Ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Kampuni ya watu 100 inatakiwa iwe nao watatu. Ila hesabu mafundi wa karakana moja ya Kariakoo: saba, wanane. Sheria haiwafikii. Kwenye makampuni yanayofikiwa, nimewasikia maofisa waajiri wakisema waziwazi kwamba wakilazimika watamchukua mwenye ulemavu "ambaye hatatusumbua", yaani ambaye hawatahitaji kubadili kitu. Kiziwi anawataka wabadili namna ya kuzungumza, na hiyo wanaiona ngumu kuliko kujenga ngazi ya kiti cha magurudumu.

Iringa wapo walioanzia upande mwingine. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Sasa ina karakana kadhaa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, na mgeni ndiye anayehangaika kuagiza kwa ishara au kwa kuandika. Ukiagiza chai pale, dakika mbili za kwanza wewe ndiye mwenye ulemavu. Natamani kila ofisa mwajiri apelekwe akanywe chai hiyo.

Nirudi kwa mdogo wangu. Mwaka jana yeye na wenzake wanne, wote viziwi, wote wa Buguruni, waliamua kuacha kushonea watu na kuanzisha karakana yao. Wana vyerehani vitatu. Hawana ovaloki, na bila ovaloki sare zako zinachanika pindo kabla ya Pasaka. Wakasikia habari za mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi mwaka 2024. Mama aliogopa. Alisema ana kazi, analipwa, kwa nini ajitie kwenye deni? Mimi nami niliogopa, ila kwa sababu nyingine. Alinijia na fomu, akataka niende naye kwa afisa maendeleo ya jamii.

Nilimwambia nitakwenda, lakini sitasema kitu. Tulichanga, tukampata mkalimani wa lugha ya alama kupitia watu wa CHAVITA, chama cha viziwi. Ni dada mdogo kuliko mimi, mwenye nguo nyeusi ili mikono ionekane. Nilikaa kiti cha nyuma. Afisa, kama kawaida ya watu wote, aliniangalia mimi kwanza na kusema, "Karibuni, dada." Nikamwonyesha kwa mkono: mwenye kikundi ni huyu.

Akauliza nani anatunza hesabu za kikundi, na anazitunzaje.

Mdogo wangu akaanza kujibu, nami nikaduwaa, kwa sababu mikono ile nilishaiona. Vidole vinachapa, kiganja kinapangwa kama mistari ya daftari, mkono unapita kushoto kwenda kulia, namba, namba, tena namba. Ni jibu lilelile la Posta. Mkalimani akalisema kwa sauti: "Tangu mwaka 2021 ndiye ninayetunza oda zote za karakana kwenye kompyuta, kwa Excel. Naandika jina la shule, idadi ya wanafunzi, saizi, rangi, tarehe ya kuchukua, waliolipa nusu na wanaodaiwa. Msimu uliopita tulikuwa na shule 11. Hakuna oda iliyopotea. Nikipewa taarifa za wateja naweza kuzipanga kwa siku moja, na nikikosea naweza kuonyesha nilikosea wapi."

Afisa aliandika yote. Akauliza tena, akajibiwa tena, wakafika mahali wakacheka wote watatu na mimi sikujua wanacheka nini. Nikatamani kumgusa mkalimani nimuulize.

Kwenye ngazi nilimshika mdogo wangu bega. Sasa ninakwenda darasani kila Jumamosi, mwezi wa nne huu, na mikono yangu bado mizito kama ya mtu aliyeshika unga. Nikamuuliza kwa alama, polepole: siku ile, Posta, ulisema haya haya?

Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza walichokuwa wanacheka ndani. Akacheka kwa ile sauti yake, akanifanyia "baadaye", akawakimbilia wenzake. Walikuwa wanawahi Gerezani kuangalia ovaloki ya mtumba kabla muuzaji hajafunga, na kikao cha kuamua mkopo hakijapangiwa tarehe.